Kinanda Kwanza au Umeme Kwanza?

Kurasa hizi kwa kawaida hujaa siasa za nyumbani, mambo ya viza na hadithi za kubeba boksi. Leo naomba tubadilishe kidogo. Nataka kuzungumzia pawa saplai. Ndiyo, kile kisanduku kinachokaa kati ya soketi ya ukutani na chombo chako, ambacho hakuna mtu anayekiangalia mpaka siku kinapoungua. Najua wengine mmeshashika ukurasa mtake kufunua, lakini ngojeni. Jambo hili linahusu fungu la chama chetu, linahusu muziki wa usiku wetu wa utamaduni, na mwisho wa yote linahusu ni wahandisi wa namna gani tutakaorudi nyumbani.

Kwa wasiokuwa na habari: baadhi yetu, wanafunzi wa uhandisi pamoja na wapenzi wa muziki, tumekubaliana kutengeneza sintesaiza ya analogi kwa mikono yetu wenyewe. Ipigwe hapa, halafu baadaye ipelekwe nyumbani ikafundishie vijana. Wazo zuri, naliunga mkono kwa mikono miwili. Ugomvi umekuja kwenye bajeti. Orodha iliyopitishwa mezani ina osileta tatu, filta mbili, vitufe vya kuzungusha vya bei mbaya, na sanduku la mbao la kuvutia macho. Chini kabisa, mstari wa mwisho, umeandikwa hivi: umeme, adapta ya zamani ya laptop, bure.

Hapo ndipo ninapokataa. Na kwa kuwa kwenye kikao dakika zangu tatu zilikwisha kabla sijafika popote, nimeomba nafasi hapa. Msimamo wangu ni mfupi: pawa saplai itengenezwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, ipewe si chini ya theluthi ya fungu, na isanifiwe kwa ajili ya soketi ya nyumbani, si soketi ya bweni letu hapa Uingereza.

Kwa nini volti ndiyo sauti yenyewe

Redio ikipata umeme unaoyumba kidogo, wewe msikilizaji huenda usijue. Sintesaiza ya analogi haiko hivyo. Ndani yake volti ndiyo noti. Robert Moog, kule Marekani mwaka 1964, akifanya kazi na mwanamuziki Herbert Deutsch, alijenga vyombo ambavyo sauti yake inaamriwa kwa volti, na kutokana na kazi yake ukaenea utaratibu huu: ukiongeza volti moja, sauti inapanda oktava moja. Viwanda vingine vilikwenda njia nyingine, lakini huu ndio tuliouchagua sisi.

Sasa piga hesabu. Oktava moja ina nusu toni 12. Kwa hiyo nusu toni moja ni volti moja ugawe kwa 12, yaani milivolti 83 na ushee. Wanamuziki nao huigawa nusu toni moja kwa senti 100. Senti moja basi ni kama milivolti 0.83. Senti hizi si za kununulia andazi, lakini sikio linazihesabu. Weka sauti mbili pamoja ziachane kwa senti tano tu, ambazo ni milivolti nne, mtu mwenye sikio zuri ataanza kukunja uso.

Milivolti nne jamani! Hiyo ni sehemu moja katika elfu tatu ya volti 12 zinazoendesha chombo chenyewe.

Kwenye michoro mingi ya bei nafuu, kile kitufe cha kupandishia na kushushia sauti huchota volti yake moja kwa moja kutoka kwenye mstari wa +12. Tuseme umekizungusha mpaka kinatoa volti 5. Mstari ukishuka asilimia moja tu, ile 12 inakuwa 11.88, na zile 5 zinakuwa 4.95. Umepoteza milivolti 50, sawa na senti 60. Hiyo ni zaidi ya nusu ya nusu toni! Mpigaji hajagusa kitu, mwimbaji yuko sawa, lakini kinanda kimeshahama nyumba.

Na kwetu sisi watu wa pwani jambo hili lina uzito wake. Taarab ya Zanzibar imerithi maqamu kutoka Misri na nchi za Kiarabu, na baadhi ya maqamu hayo, Rast na Bayati kwa mfano, yana sauti zinazokaa katikati ya vitufe vya piano. Ndiyo maana mpiga fidla na mpiga qanun wanaweza kufanya mambo ambayo kinanda cha kawaida kinayashindwa. Sintesaiza ya analogi haijui habari ya vitufe vyeusi na vyeupe. Inajua volti. Ukitaka robo toni, unampa milivolti 42 badala ya 83, na anakuimbia. Hii ndiyo sababu hasa iliyonifanya niupende mradi huu. Lakini ukishasema robo toni ni milivolti 42, halafu umeme wako unayumba kwa milivolti 20, umebakiwa na maqamu gani? Umebakiwa na kelele yenye jina la Kiarabu.

Adapta ya laptop ina ubaya gani?

Ndugu zangu wa upande wa pili wanasema, adapta ipo, inatoa volti 19, ina nguvu za kutosha, tena ni bure. Tatizo la kwanza: sintesaiza inataka umeme wa pande mbili, chanya na hasi, na sifuri katikati. Sauti ni wimbi linalopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Adapta ya laptop ina waya mbili tu. Wao wanasema tutaigawa katikati kwa rezista mbili, tupate 9.5 juu na 9.5 chini. Kwenye karatasi sawa. Lakini ukitumia rezista mbili za omu 1000, ile katikati yako ina ukinzani wa omu 500. Upande mmoja ukila miliampia 10 zaidi ya mwenzake, na lazima itatokea, sifuri yako inasogea volti 5. Sifuri inayotembea si sifuri tena. Unaweza kuweka ampifaya ya kuishikilia pale katikati, ni kweli, lakini hapo ile bure imeshaanza kulipiwa.

La pili ni baya zaidi. Adapta nyingine za laptop waya wao hasi umeunganishwa na erthi ya ukutani. Sasa wewe sifuri yako umeiweka volti 9.5 juu ya erthi. Siku ya shughuli unachomeka kinanda kwenye mixer ya ukumbini, ambayo nayo ina erthi yake, na ile sifuri inakutana na erthi ana kwa ana. Nusu ya pawa saplai yako imepigwa shoti mbele ya wageni waalikwa.

La tatu, adapta hizi zinafanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa laptop haina shida. Kwenye chombo cha milivolti, mabaki ya kelele hiyo yakikutana na mawimbi ya osileta huzaa filimbi na mikwaruzo isiyojulikana imetoka wapi. Yanaweza kuchujwa, sikatai, na wapo wanaofanya vizuri. Lakini kuchuja vizuri ni kazi ya mtu aliyekwisha kuelewa pawa saplai, si ya mtu anayeikwepa.

Soketi ya hapa na soketi ya kwetu

Hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu. Hapa Uingereza umeme unahesabiwa volti 230, na sheria inaruhusu upande asilimia 10 au ushuke asilimia 6, yaani kati ya 216 na 253. Tanzania nayo ni 230, Kenya na Uganda 240, yote kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Kwa hiyo mtu akiangalia kitabu anasema, aa, ni sawa tu, chomeka.

Jamani, tusidanganyane. Nani kati yetu hajawahi kusikia mama anasema nyumbani kwamba leo umeme ni mdogo? Taa inawaka kama mshumaa, friji linanguruma halisogei, feni inazunguka kwa uvivu. Hakuna aliyekatiwa umeme, umeme upo, ila ni mdogo. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, saa moja jioni wakati kila mtu anapika na kutazama televisheni, inaweza kupata volti 200 au chini ya hapo. Halafu umeme ukikatika na kurudi, unarudi na kishindo. Ndiyo maana nyumba nyingi zina stebilaiza ya friji na televisheni. Wazanzibari wenzangu hawahitaji kukumbushwa kuhusu giza la Mei na Juni 2008, wala ile miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Watu wa bara nao wanaukumbuka mgao wa 2006 na wa 2011. Mengi yamejengwa tangu hapo, waya mpya wa chini ya bahari kwenda Unguja mwaka 2013, na bwawa la Julius Nyerere lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Lakini kuwa na megawati nyingi bwawani si sawa na kuwa na volti 230 kwenye soketi ya mwisho wa mtaa.

Tuweke namba mezani. Chukua transfoma ya kawaida ya 12-0-12, dayodi za kugeuza umeme, na kapasita ya mikrofaradi 2200 kila upande. Tunataka ampia nusu kila upande, halafu regulata ya kutoa volti 12 zilizotulia. Regulata za kawaida, za jamii ya 7812 na 7912 au LM317 na LM337, zinataka volti kama mbili za ziada ili zifanye kazi. Kwa hiyo mlangoni kwake zisipungue 14.

Hapa bwenini, kwa volti 230: kilele cha 12 ni 12 mara 1.414, kama 17. Toa 0.7 ya dayodi, zinabaki 16.3. Kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde, na kati ya kujazwa na kujazwa inashuka kwa ampia 0.5 ugawe kwa 100 na kwa faradi 0.0022, yaani volti 2.3. Chini kabisa ni 14.0. Pasi! Kwa nywele moja, lakini pasi. Mwalimu anatia vema na picha zinapigwa.

Ipeleke sasa nyumbani, volti 200. Kilele kinakuwa 14.8, toa 0.7, toa 2.3, unabaki na 11.8. Regulata iliyotaka 14 imepewa 11.8. Mara mia kwa sekunde inaishiwa pumzi, na kinanda kinatoa mngurumo wa mizunguko 100, karibu sana na noti ya Sol ya chini. Hata ukipiga wimbo gani, Sol itakusindikiza. Na fundi wa huko ataambiwa nini? Ataambiwa chombo cha Ulaya kimefika kimeharibika, au mwenyewe ndiye aliyekiharibu. Wala hakijaharibika. Kimesanifiwa na mtu aliyesahau anakotoka.

Badilisha transfoma iwe 15-0-15 kwa regulata zilezile za volti 12. Kwa volti 200, kilele ni 18.4, toa 0.7, toa 2.3, unabaki na 15.4. Safi. Teremka mpaka volti 180: unabaki na 13.6, umeanguka kidogo. Ongeza kapasita ziwe mikrofaradi 4700 badala ya 2200. Ule mteremko wa 2.3 unapungua mpaka kama 1.1, na kwa volti 180 zilezile unabaki na 14.8. Umepita. Tofauti ya bei kati ya kapasita hizo ni pungufu ya kikombe cha kahawa kantini.

Huo ndio usanifu ninaoupigania. Hauna uchawi wowote. Ni kuuliza swali moja kabla ya kushika chuma cha kulehemu: soketi mbaya kuliko zote ambayo chombo hiki kitakutana nayo ni ipi?

Lakini kila kitu kina gharama yake. Ukijipa akiba kwa siku ya umeme mdogo, siku ya umeme mkubwa akiba ile inageuka joto. Kwa volti 253, regulata inapokea wastani wa volti 22 na kutoa 12. Zile 10 mara ampia nusu ni wati 5, kila upande. Regulata tupu bila bati la kupozea inapanda kama nyuzi 65 kwa kila wati, kwa hiyo itajizima yenyewe kabla ya ubeti wa pili. Weka bati la kupozea zuri, lenye kupanda kama nyuzi 5 kwa wati. Na usipime kwa baridi ya hapa ambapo dirisha lenyewe linapoza. Pima kwa chumba cha Dar es Salaam mchana wa Februari, nyuzi 32 na feni imesimama.

Kapasita nazo zinunuliwe za volti 35, si 25. Transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa, na siku umeme ukiwa mkubwa ile ya 15 inaweza kukupeleka karibu na volti 28. Kapasita ya 25 hapo ni fataki.

Kwa watakaoifanya kazi hii, angalizo jingine: msidhani regulata ya hasi ni pacha wa ile ya chanya. Miguu ya 7912 imepangwa tofauti na ya 7812, na lile bapa la chuma mgongoni kwa 7812 ni sifuri, lakini kwa 7912 ni mlango wa kuingilia umeme. Ukizifunga zote mbili kwenye bati moja bila kuweka kizuizi cha maika, umeunganisha sifuri na upande hasi kwa mkono wako mwenyewe.

Sifuri nayo ina njia yake

Pawa saplai haiishii kwenye regulata. Inaishia pale waya unapofika kwenye osileta. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.05 tu, ukipitisha miliampia 200, unapoteza milivolti 10. Tumeshaona hapo juu: milivolti 10 ni senti 12. Kwa hiyo ukiunganisha saketi zote kwa waya mmoja wa sifuri, moja baada ya nyingine kama shanga, kila saketi inayowasha kitaa chake inaisogeza sifuri ya mwenzake, na sauti inatetemeka kwa kufuata taa. Dawa yake ni rahisi: kila saketi iwe na waya wake wa sifuri, mnene kiasi, na zote zikutane mahali pamoja kwenye pawa saplai, kama njia za kijiji zinavyokutana kisimani. Na pale kila saketi inapopokea umeme, weka kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 na nyingine ya 10. Hizi ni kama mtungi wa maji mlangoni: jirani akifungua bomba kwa nguvu, wewe una akiba yako.

Kisha vile vitufe vya kuamrisha sauti visichote kwenye mstari wa 12 kabisa. Viwekewe chanzo chao kidogo cha volti thabiti, kwa mfano LM4040 ya volti 10, ambacho hakibebi mzigo mwingine wowote.

Hoja za wapinzani wangu

Kuna dada mmoja, namheshimu sana, aliniambia kikaoni: watu hawaji usiku wa utamaduni kusikiliza pawa saplai. Ni kweli, dada yangu. Wala harusini hakuna anayekuja kutazama mafiga. Lakini pilau likiwa bichi kila mtu atauliza nani aliyepanga mafiga.

Mwingine akasema tutumie betri. Betri mbili za volti 9 zinatoa pande mbili na sifuri halisi, na hazina mngurumo. Kwa kujaribia saketi moja mezani, nakubali kabisa. Lakini betri ya volti 9 inaanza juu ya 9 na kuteremka taratibu kuelekea 6 inavyoisha, na chombo chenye osileta tatu kitaimaliza katikati ya onyesho. Na nyumbani, fedha za betri kila wiki atatoa nani?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sitaipuuza: umeme wa ukutani unaua. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza kushika transfoma ya volti 230 chumbani ni hatari, na bweni lolote litakataza, kwa haki. Jibu langu ni mawili. Moja, sehemu ya volti 230 ifanyiwe maabara, mbele ya fundi wa idara, ndani ya sanduku la chuma lenye erthi, fyuzi na swichi. Pili, kwa wale wanaotaka kujifunza chumbani, kuna adapta zinazotoa umeme wa mawimbi, volti 15 badala ya 12. Transfoma imefungwa ndani ya plagi, hakuna anayegusa 230, na kwa dayodi mbili unapata chanya na hasi. Ila ujue kapasita hapo inajazwa mara 50 tu kwa sekunde, kwa hiyo mteremko ni maradufu. Kwa ampia 0.2 na mikrofaradi 2200 ni volti 1.8, ambayo bado inavumilika hata umeme ukishuka asilimia 10.

Wahandisi wa soketi gani?

Turudi kwenye lile jambo kubwa. Tunafundishwa vizuri hapa, sina ugomvi na walimu. Lakini mazoezi yetu mengi ya darasani yanaanza na kamchoro kaduara kalikoandikwa volti 12, na kaduara kale hakayumbi, hakakatiki, hakana joto. Tunamaliza miaka mitatu tukiwa mabingwa wa kila kitu kinachokuja baada ya kaduara. Halafu tunarudi kwenye nchi ambayo kazi yote iko ndani ya kaduara chenyewe. Mashine ya hospitali, kompyuta za shule, mtambo wa redio ya jamii: vinaletwa vimesanifiwa kwa soketi ya mbali, vinakufa, vinarundikwa stoo, halafu tunaambiwa Waafrika hatutunzi vitu.

Wakati huohuo, nenda kwa fundi redio yeyote wa Kariakoo au Darajani. Mpelekee redio iliyonyamaza. Kabla hajakuuliza jina, ameshafungua mfuniko na mita yake iko kwenye pawa saplai. Hana digrii, lakini anajua ugonjwa unaanzia wapi. Sisi wenye digrii tunaanza na vitufe vya kuzungusha.

Wala tusifikiri vyombo hivi ni vya Wazungu na sisi ni wageni. Halim El-Dabh alikuwa anachezea sauti zilizorekodiwa kwenye waya huko Cairo mwaka 1944. William Onyeabor wa Nigeria alitoa santuri zilizojaa sintesaiza miaka ya 1970 na 1980. Francis Bebey wa Kamerun naye alizitumia. Zamu yetu ya Afrika Mashariki sitaki ije na Sol ya mngurumo nyuma yake.

Basi ninaomba kikao kijacho kipitishe mambo matatu. Kwanza, osileta zipunguzwe kutoka tatu mpaka mbili, na fedha iliyookolewa iende kwenye transfoma, kapasita, mabati ya kupozea na sanduku la chuma. Osileta mbili zinazokubaliana zina utamu kuliko tatu zinazogombana. Pili, kabla ya saketi yoyote ya sauti kuunganishwa, pawa saplai ijaribiwe maabara kwa ile transfoma ya kupandisha na kushusha volti, kuanzia 253 mpaka 180, ikiwa na mzigo wake wote, kwa saa nzima, na vipimo viandikwe. Tatu, mchoro wake na vipimo hivyo viandikwe kwa Kiswahili na vibandikwe ndani ya mfuniko, ili fundi atakayeufungua huko nyumbani asilazimike kubahatisha tulichokuwa tunafikiria.

Hilo la tatu halina gharama ila wino. Na kama chama kitaniruhusu, kuliandika nitalifanya mimi mwenyewe.

Ni hayo tu kwa leo. Wenye kupinga karibuni, kurasa zipo na kikao kiko wazi, ila njooni na mita.

Wasalaam.